Dawa za Watu Wawili

Fundi cherehani mmoja, mama aliyehamia ugenini na bintiye, alitumia dawa za presha mwaka mzima bila presha kushuka. Siku moja kliniki daktari akauliza tena, na binti akamfasiria: "Mama, kweli unazimeza zote?"

Mama akainama. "Nusu namtumia mama yako mkubwa. Kule nyumbani hazipatikani."

Binti akashusha pumzi, kisha akamweleza daktari vilevile. Daktari hakufoka. Aliuliza tu kama huyo dada anajua kuwa dawa hizo zinatoka kwenye dozi ya mama mwenyewe.

Hakujua. Walipompigia simu, mama mkubwa aliangua kilio. "Mdogo wangu, unanigawia uhai wako? Usitume tena!"

Sasa mama humeza dozi kamili. Presha imeshuka, ila kila kidonge humkumbusha dada yake asiye na dawa.