Bariamu Haihami

Watu wa Kalengera walipokimbia vita vya Kivu kwenda kusini, mwaka ule wa 2008, kila mmoja alibeba kilichomuuma kukiacha. Magodoro, sufuria, mbuzi wa kuburutwa. Mukakalisa, aliyefundisha sayansi katika shule ya sekondari ya pale, alifunga jiwe ndani ya kitenge akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Mama mkwe wake, Nyirakamana, aliyekuwa amejitwika godoro, alimtazama akasonya.

“Barabara yote iko na mawe,” alisema, “na weye unakuja na yako.”

Mukakalisa hakuwa mtu wa kuchekwa akaacha. Jiwe lile alilitafuta mwenyewe enzi za chuo, akalikata, akalisugua mpaka uso mmoja ukang'aa. Katikati yake ilikuwamo fuwele nyeupe ya feldispari, madini ya kawaida ya mawe ya volkano, pana kama kiganja. Ukiielekeza juani, ndani yake zinajitokeza pete, moja ndani ya nyingine, nyembamba na nene. Wanafunzi wa kila mwaka walizishangaa, na yeye alifurahi kila mwaka kana kwamba ameziweka yeye.

Msafara ulifika Kibati. Hapo palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi wenye bunduki. Mkubwa wao, mwanaume mnene mwenye kofia nyekundu, aligonga mzigo wa mgongoni.

“Iko nini?”

“Ni madini,” akajibu Mukakalisa.

Ulimi ulimponza. Kwa mwalimu wa sayansi, kitu chochote kigumu kilichojiotea ardhini, chenye mpangilio wake, ni madini. Hata chumvi ya mboga. Kwa Kivu nzima, madini ni kitu kinachouzwa, na watu wamekufa kwa neno hilo. Alijibu kama anavyojibu darasani, na kitenge kikafunguliwa kabla hajafunga mdomo.

“Sema ni jiwe tu, mwanangu,” Nyirakamana alinong'ona.

“Ni jiwe, na ni madini,” alisema Mukakalisa kwa sauti. “Lakini haiuzwi, mukubwa.”

Nani aambiwe haiuzwi, asimame aamini? Yule bwana alilitia jiwe kwenye gari lake, na Mukakalisa akaingia kambi ya wakimbizi mikono mitupu.

Hakukaa akalia. Kambini walikuwamo wanafunzi wake waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa serikali, akawakusanya juu ya lava nyeusi iliyoganda, kila mmoja na jiwe lake la kukalia. Alichora pete kwenye vumbi kwa kijiti. Akawaeleza kwamba uji wa mawe yaliyoyeyuka unapopoa huko chini, fuwele huota kutoka katikati kwenda nje, tabaka juu ya tabaka. Bariamu, mojawapo ya elementi zilizomo kwenye uji huo, ni chembe kubwa, nayo ina haraka: huwahi kuingia ndani ya fuwele na kukalia nafasi ya potasiamu. Kwa hiyo kiini hushiba bariamu, uji hupungukiwa, na tabaka za baadaye huambulia kidogo. Halafu uji mpya unapanda kutoka chini na bariamu yake, na juu ya tabaka iliyokonda inaota nyingine nono; kila tabaka ni pete moja.

“Madame, njo sawa kitunguu?” aliuliza msichana mmoja, Fabiola, na wenzake wakacheka.

Ilimchoma. Bila lile jiwe, somo lilikuwa hadithi tu. Alilitaka lirudi, si kwa thamani yoyote, ila watoto hawa waone kwa macho yao.

Fabiola hakuwa amemaliza. “Na juu ya nini ile bariamu haitoke, ikachanganyika na zingine?”

“Haikuingia peke yake,” alisema Mukakalisa. “Iliingia pamoja na aluminiamu, nayo silikoni ikaiachia nafasi kwenye kuta za fuwele. Ili itoke, ni lazima kuta zote za nyumba zibomolewe. Hata kwenye joto kali inasogea polepole mno. Ndiyo maana pete zinabaki.”

Siku chache baadaye gari lilisimama kando ya darasa. Kofia nyekundu ilishuka na jiwe mkononi. Alikuwa amelipeleka Birere, kwenye soko la mjini, na wafanyabiashara wa huko walimcheka mpaka wakaitana.

“Umenihaibisha,” alisema. “Waambie hawa watoto haiko madini. Sema ulinidanganya.”

Ilikuwa sentensi moja tu, angeisema gari lingeondoka. Nyirakamana aliacha sufuria yake motoni akaja, na Mukakalisa akajua anakuja kumbembeleza akubali.

“Sikukudanganya, mukubwa. Ni madini, na nilikuambia haiuzwi.”

“Sema tena.”

“Mwanangu amesema ni madini,” alisema Nyirakamana, akasimama ubavuni pake, mwiko mkononi.

Yule bwana aliliinua jiwe kwa mikono miwili akalibamiza kwenye lava. Fuwele ilipasuka, vipande vikaruka mpaka miguuni mwa watoto. Mukakalisa alihisi kama amevunjwa mbavu. Kisha akainama, akaokota kimoja, akakigeuza. Pete zilikuwamo. Akaokota kingine. Zilikuwamo. Akaanza kuvigawa, kipande kwa kila watoto wawili.

“Asante, mukubwa,” alisema. “Nilikuwa na moja tu kwa darasa lote. Sasa sogea kidogo, unatuzibia jua.”

Akasogea.