Feneli Iliyobaki Kwenye Friji

Mara ya kwanza kununua feneli nilitupa kinacholiwa. Nilikuwa mgeni Johannesburg, nimemfuata mume wangu aliyetangulia kwa kazi ya benki kule Sandton, na nilikuwa nikiisaka sukuma wiki kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Kwenye duka la mboga la Mreno mmoja huku Malvern, karibu na robot, kama wanavyoziita taa za barabarani hapa, nikaona majani membamba, laini, ya kijani kibichi. Chini yake kulikuwa na tunguu jeupe, nene kama ngumi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa na kiburi cha kwetu: mboga ni majani, hayo mengine ni mizizi. Nikalikata tunguu nikalitia kwenye pipa la taka. Majani nikayakaanga kwa kitunguu na nyanya, nikasonga ugali.

Mume wangu alitafuna, akatafuna tena, akaniangalia.

"Mama, hii ni mboga ama umenipikia dawa ya kikohozi?"

Nilinuna. Yeye alicheka hadi machozi yakamtoka, lakini chakula alikimaliza. Ndivyo alivyokuwa: atakutania mpaka utamani kumpiga na mwiko, na sahani atairudisha tupu. Kesho yake aliulizia kazini, akarudi na habari kabla hata hajavua viatu. "Eish, mama! Tulitupa nyama tukapika manyoya!"

Maneno hayo yakawa ya nyumba yetu. Nikisahau chumvi, manyoya. Binti yetu, aliyezaliwa hapa na anayetujibu kwa Kiingereza hata tukimbembeleza, alilijua neno manyoya kabla ya kuwahi kumwona kuku aliye hai.

Nami nikajifunza. Feneli nzuri ni nzito mkononi, nyeupe, haina madoa ya kahawia, na majani yake hayajalegea. Ukifika nyumbani unatenga majani na tunguu, kila kimoja unakifunga kwa kitambaa chenye unyevu, unaweka kwenye droo ya chini ya friji. Hata hivyo haikai sana. Ukiizembea inakauka, inakuwa nyuzi tupu, na ile harufu yake tamu inakwenda zake.

Kisha saratani ikaingia nyumbani kwetu. Dawa zilimharibu mume wangu ulimi. Chai ilikuwa chuma, nyama chuma, hata ugali ulikuwa chuma. Nilipika, nikamwaga, nikapika tena. Nilimgombeza, Mungu anisamehe, kama mtoto anayeringa. Siku moja akasema kwa sauti ndogo, "Nitengenezee ile dawa yako ya kikohozi."

Nilikata tunguu vipande vyembamba, nikavitia kwenye mafuta kidogo, nikafunika, moto mdogo kabisa, mpaka vikalainika vikawa na rangi ya asali. Nikaongeza maji, nikaponda, mwishoni nikanyunyiza majani kidogo. Alikula bakuli zima. Nilikwenda kulia bafuni, bomba limefunguliwa, asinisikie.

Tangu siku hiyo friji yangu haikukosa feneli. Droo ile ilikuwa yangu, asiguse mtu. Nilijiwekea imani ambayo sikumwambia hata mchungaji: maadamu kuna feneli kwenye droo, kuna chakula cha mchana kesho, na yeye atakuwepo kukila.

Joto lilipoanza, feneli ikaadimika. Nilizunguka mpaka nikapata moja kwa yule Mreno, ndogo lakini ngumu. Nikamwonyesha mume wangu kitandani. Akainusa, akatabasamu. "Kesho, mama. Leo nimechoka."

Asubuhi yake alifariki, kabla sijawasha jiko.

Kanisani kwetu, Wakenya na Wakongo, mfiwa haingii jikoni. Akina mama walikuja na masufuria yao, wakafunga leso viunoni, wakachukua nyumba. Mimi nilikalishwa kwenye godoro sebuleni, binti yangu ubavuni, nikishikwa mkono na kila aingiaye. Sikukumbuka droo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukumbuka.

Mama mmoja Mkongo, fundi wa kushona, aliniletea sahani kwa mikono miwili.

"Kula kidogo, mama. Tulikuta mboga ku frigo, tukasema isiharibike."

Niliijua kwa harufu. Ugali, na majani yaliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya.

"Na kile cheupe?" nikauliza.

"Kile cha chini? Tulitupa, mama. Ilikuwa muzizi tu."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kumwambia mama huyu mwema achutame kwenye pipa la taka anirudishie kesho yangu. Badala yake nikamega tonge, nikachota mboga, nikatia mdomoni. Dawa ya kikohozi, ile ile.

Nikageuka upande wangu wa kulia, ambako mume wangu hukaa, nimwambie wametupa nyama wakapika manyoya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Binti yangu aliniangalia. "Manyoya, Mama?" akasema, kwa Kiswahili.

Nikaitikia kwa kichwa. Akasogea, akanawa mikono, tukala pamoja, tukilia. Sahani ilirudi jikoni tupu.