Ruta Iliyofungiwa Chumbani mwa Marehemu

Aliyeanzisha tabia ya kuandika namba kubwa kwenye maboksi ya vidude vya Wi-Fi simtakii mema hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu ya binamu yangu Yaa Birago na yaliyotupata mjini kwetu Bekwai.

Birago anarusha mazishi mtandaoni, mimi namshikia kamera. Watoto wetu wametapakaa Ulaya, wengi hawana vibali vya kuwawezesha kwenda na kurudi, basi yeye huwaonyesha wazazi wao wakiagwa. Hana subira, na mdomo wake hata wapiga ngoma wanauogopa.

Siku ile tulikuwa tunamrushia Serwaa, aliyeko Hamburg, mazishi ya mama yake. Aliomba jambo moja tu: auone uso wa mama kabla jeneza halijafungwa. Mtandao wa simu haufiki bondeni kule, lakini Serwaa alikuwa amemwekea mama yake ruta ya intaneti chumbani. Chumba chenyewe kilifungwa siku aliyokufa, kama ilivyo kwetu, na ufunguo ulikuwa kwa mjomba wa Serwaa, Opanin Gyasi, mkuu wa ukoo.

"Usihofu," Birago aliniambia, akichomeka kidude kipya kwenye kompyuta. "Boksi linasema kasi ya megabiti elfu moja na mia tatu. Ukuta mmoja utanifanya nini?"

Tulipoanza tu, picha ikaganda. Birago akapima kasi, haikufika hata thelathini.

"Wezi wakubwa! Wamejumlisha masafa mawili ya redio, na kidude kinatumia moja tu kwa wakati! Wamepima chumba kitupu, ruta iko puani! Kasi yenyewe nusu inaliwa na vidude kuulizana kama vimesikiana, na hawa wajukuu wote na simu zao wanagombea hewa hiyohiyo!"

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua! Nililiamini boksi kama mjinga!"

Akamwendea mzee. "Mjomba, naomba ufunguo. Nachomeka waya tu, sigusi kitu."

"Binti, kile si kibanda cha simu. Kitafunguliwa ukoo ukikaa kikao."

"Si huu hapa umekaa, unakunywa bia?"

Watu wakacheka. Mzee akanuna. "Mdomo wako huo utakuponza."

"Uniponze, lakini nipe ufunguo!"

Hapo sauti ya Serwaa ikatoka kwenye spika za msibani, maana sauti ilikuwa inapita hata picha ilipokataa. "Mjomba, kila Jumapili mama alikuwa ananiona kwa ruta hiyo. Nifungulie, nakuomba."

Mzee akainuka, lakini si kwenda mlangoni. Aliagiza chupa ya jini, ile pombe kali ya tambiko, akawaita wazee wenzake, akaanza kuimwaga chini taratibu, akiwataja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Nilitamani kumpokonya ile chupa. Mpaka leo namkasirikia, na sitaki kuambiwa ni mila.

Mlango ulipofunguliwa, Birago aliingia mbio na waya wake. Picha ikawa safi kabisa. Nikageuza kamera uani. Wabebaji, ambao hakuna aliyekumbuka kuwaambia wasubiri, walikuwa wamekwisha kukaza skrubu, na kwetu jeneza likifungwa halifunguliwi tena.

"Sasa naona vizuri sana," Serwaa akasema, watu wote wakisikia. "Mama yuko wapi?"