Siku Mevlida Alipomfukuza Mteja

Mgeni akifika Sarajevo akauliza wapi pa kununua vyombo vya shaba, ataelekezwa Kazandžiluk, kichochoro cha wafua shaba. Ushauri huo ni mzuri. Ila akishafika huko, akamuuliza Mevlida swali lilelile, basi yatakayompata asimlaumu mtu.

Mevlida ni mjane wa mfua shaba. Duka na nyundo aliachiwa na marehemu mumewe. Ulimi alikuja nao mwenyewe siku ya harusi. Mtalii akimwonyesha kibirika cha kahawa alichonunua kwingine, yeye hukigeuza, akapapasa kitako chake, akaguna.

"Hiki hakijawahi kuonja nyundo," humwambia kwa Kijerumani chake cha sokoni. "Kimetoka mashineni. Kapandie maua."

Wengine hununa wakaondoka. Wengi hucheka, wakanunua kingine kwake, maana kusimangwa vizuri nako ni burudani.

Duka linalotazamana na lake ni la Ramiz. Kichochoro ni chembamba, hata wakiwa wamekaa vibarazani mwao wangeweza kupeana sukari bila yeyote kuinuka, kama wangekuwa watu wa kupeana sukari. Waligombana zamani kwa ajili ya nakshi ya ua: kila mmoja anaapa mwenzake kamwibia. Tangu hapo hawasalimiani. Husemana tu, tena kwa sauti, ili mtaa mzima ufaidi.

Lakini pale sokoni kuna desturi kongwe kuliko ugomvi wao. Ukishafungua asubuhi, yaani ukishauza kile cha kwanza, na ukaona jirani yako bado, mteja anayefuata unamwambia, "Nenda kwa yule pale." Hata kama hampikiki chungu kimoja. Ila usiyefungua humpeleki mteja popote. Ukifanya hivyo unakuwa umempa jirani sadaka hadharani, na mfua shaba wa Kazandžiluk ni heri umzabe kofi.

Mevlida aliifuata desturi hiyo kwa moyo mweupe na jicho la husuda. Wateja aliompelekea Ramiz walikuwa wale wanaobishana bei mpaka masikio yanauma, na wale wanaotaka kupiga picha tu. Ramiz naye alimrudishia familia zenye watoto wanaogeuza masinia kuwa ngoma. Haki ikawa inatendeka pande zote mbili.

Vuli ile watalii walikauka. Alhamisi moja Fadil, muuza kahawa wa pale kichochoroni, alimletea Mevlida kahawa yake pamoja na habari.

"Dada, umesikia? Ramiz hajafungua wiki nzima. Binti yake aliyeko Linz, Austria, kamtayarishia chumba. Kaniambia kesho Ijumaa ikipita hivihivi, Jumamosi anafunga duka moja kwa moja, anapanda basi."

"Na aende," alisema Mevlida. "Huko Linz atagombana na nani?"

"Ana mkwe."

"Mkwe mwenyewe Mwaustria, mtu wa kusema samahani hata akikanyagwa. Ramiz atakufa kwa ukiwa."

Fadil alicheka akaenda zake. Mevlida hakucheka. Kahawa ilimpoa mkononi, akatazama duka la ng'ambo akaona hofu inampanda, na akajichukia kwa kuiona. Mume alishamzika, wanawe wako mbali, na mtu pekee duniani anayejua saa anayoamka, na kumsimanga akichelewa, ni lile zee pale. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akiondoka huyo, asubuhi zitakuwa za nini?

Ijumaa ilianza na mvua, ikaendelea na mvua. Si Mevlida aliyefungua, si Ramiz. Walikaa vibarazani chini ya mapaa, kila mmoja akimtolea mwenzake macho. Alasiri akatokea mteja mmoja, Mholanzi mrefu anayechuruzika maji, akaingia kwa Mevlida. Alitaka seti nzima ya kahawa, sinia na vikombe vyake, zawadi ya mkewe. Akachagua nzuri kuliko zote.

"Hiyo mbaya," alisema Mevlida.

"Mbona nzuri?"

"Kibirika kinavuja."

Mholanzi akatoa chupa yake ya maji, akamimina humo, akakiinua juu. Hapakudondoka hata tone.

"Kitavuja ukifika kwenu," alisema Mevlida. "Na huo mkono umelegea."

Mgeni akautikisa, ukakaa imara. Akatabasamu. Alikuwa ameonywa kwamba masoko ya huku yana hila nyingi, na hii ilikuwa mpya kwake, kwa hiyo akaongeza bei mwenyewe. Mevlida akaona mambo yanaharibika. Akamnyang'anya kibirika, akamkamata mkono wa koti, akamvuta kwenye mvua hadi ng'ambo.

"Jirani," alisema, neno ambalo halikuwa limemtoka miaka mingi. "Mteja huyu hapa. Mimi nimeshafungua."

Ramiz akamtazama. "Umefungua lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi si nilikuwa hapahapa?"

"Ulikuwa unasinzia."

"Nani kanunua?"

"Mwanamke mmoja."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye miguu miwili. Unauza au unanihoji?"

Ramiz hakuwa amesinzia. Mevlida alilijua hilo, maana mchana kutwa hakuwa na kingine cha kutazama ila macho ya mzee huyo. Akaona uso wake unabadilika, polepole, na hakungoja kuona unabadilika kuwa nini. Akarudi dukani kwake kwa haraka, akajifanya anasugua sinia lililokwisha kung'aa. Kama mzee ameiona ni sadaka, hatangoja hata hiyo Jumamosi.

Mholanzi alitoka na furushi lake. Kisha mlango wa Mevlida ukatiwa giza: Ramiz, amelowa, noti ya mgeni mkononi. Hakuwa amekanyaga humo tangu ugomvi. Akazunguka rafu zote, akaokota kibirika kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Nani kafua hiki, wewe au paka?"

"Kiweke chini kama huna hela."

"Hela ninazo. Mimi nimefungua leo. Ninayemjua mimi ambaye hajafungua ni mmoja tu." Akataja nusu ya bei.

"Hiyo hata mkono wake haununui."

Akaongeza kidogo. Mevlida akakataa. Akaongeza tena, akitukana bati lililopakwa ndani, akiutukana na huo mkono wa kibirika. Fadil alisimama nje na sinia lake, vikombe vikijaa mvua.

"Punguza basi," alisema Ramiz. "Nataka bei ya jirani."

Mevlida aliacha kusugua. "Jirani wa hapa au jirani wa Linz?"

Ramiz akatazama nje kule, duka lake, kiti chake kinacholowa.

"Wa hapa," alisema.

Mevlida akamfungia kibirika kwenye gazeti. Hakumpunguzia hata senti.