Kamera Mbili na Uso wa Mama Mukwe: Kasongo mpaka Kabambare

Sikuondoka Kasongo juu ya kupenda safari. Mutu mwenye kupenda njia ya Kabambare wakati wa mvua, mimi nafikiri bado hajaipita. Niliondoka juu ya Mauwa, bibi yangu. Mimba yake ilikuwa imekuwa kubwa, muganga alimukataza pikipiki, na habari ilifika kwamba mama yake kule Kabambare anakohoa tangu masika yaanze na shambani hafiki tena. Mauwa hakulia. Aliniambia tu: "Baba Idi, wewe unapiga foto za watu wote wa soko hii. Ya mama yangu hakuna hata moja. Nimeanza kusahau uso wake. Nenda uniletee."

Kweli, kazi yangu ni foto. Napiga za vitambulisho, za ndoa, za watoto wenye kumaliza shule. Lakini mimi mwenyewe shule niliiacha mapema, na kile kitabu cha Kifaransa chenye kuja na kamera nakisoma kama mutu anayepapasa ukuta gizani. Kwa hiyo nitakayosema hapa juu ya kamera, muyapokee kama maneno ya mutumiaji, si ya mujuzi. Inawezekana nimekosea pahali.

Ninayo kamera moja ndogo, nyeusi, inaingia mufukoni mwa shati. Haivuti kitu cha mbali karibu. Ukitaka mutu awe mukubwa ndani ya foto, umusogelee kwa miguu yako. Uzuri wake ni kwamba inaona vizuri ndani ya nyumba yenye giza. Amisi, mwenzangu wa kazi, mwenye meza kando ya meza yangu, anayo ya kijivu. Hiyo jicho lake linatoka kama kichwa cha kobe, linaenda mbele, linavuta. Amisi aliisimamisha Nyangwe akapiga mutu ndani ya mutumbwi ngambo ya pili ya muto Lualaba, na vifungo vya shati vinaonekana. Nimeiona foto hiyo, sibishi.

Amisi aliposikia ninasafiri akasema: "Chukua zote mbili. Ujaribu ya kwangu njiani. Ukirudi, kama umeipenda, tubadilishane. Mimi nachoka na vitu vya mbali, ndoa zote zinafanyikia ndani."

Nilikubali haraka, na sababu yangu nilimuficha. Kwao Mauwa, mukwe mwanaume na mama mukwe hawaangaliani uso. Wengine siku hizi wanatoa kuku, haya inaisha, wanakula pamoja. Mama mukwe wangu alishasema kuku inaisha kwenye sufuria, haya inabaki. Tangu nimuoe binti yake namujua kwa sauti tu, na kwa mugongo wake akiwa anaingia nyumbani kunikimbia. Sasa nikafikiri: na hii ya kijivu, nitasimama mbali, heshima itabaki pale pale, na uso nitaupata. Nilijiona mwenye akili sana. Ningelijua.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, Sudi mwenye pikipiki akanipakia. Bido la mafuta mbele, mimi nyuma, kamera zote mbili ndani ya mufuko wa plastiki, mufuko ndani ya begi, begi kifuani kama mutoto. Nje ya Kasongo tulikuta kanga mwitu kwenye muti mukavu mbali na njia. Nikamupiga Sudi begani, akasimama. Nyeusi ilinipa muti, na juu ya muti alama moja kama inzi. Kijivu ilinipa ndege mwenyewe, madoa yake yote. Hapo naandika wazi: kijivu imeshinda, wala si kidogo.

"Muzee," Sudi akasema, "kila kuku wa pori tutashuka?"

"Ni ya mwisho."

"Ulisema hivyo kwa kile kipepeo."

Saa sita, katika kijiji kimoja chenye kanisa la matofali, mvua ilitufungia. Wamama wa kwaya walikuwa chini ya baraza, wamevaa nguo moja wote, wakaniona na begi. "Mupiga foto! Utupige!" Nikatoa kijivu kwanza, juu nilitaka kuijaribu kwa haki. Nikarudi nyuma, nikarudi, mpaka maji ya paa yakaniingia shingoni, na bado wamama wawili wa pembeni hawakuingia. Na wale walioingia hawakuwa na miguu.

Mama mumoja, ndiye mukubwa wao, akachungulia kwenye kioo cha kamera. "Na miguu yetu iko wapi?"

"Pahali ni padogo, mama."

"Mutu anapigwa mpaka miguu. Umetufanya kama watu waliozama. Weka hiyo, toa ingine."

Nyeusi iliwachukua wote, na miguu, na viatu vya wale wenye viatu, na mbwa. Kwa hiyo nyeusi nayo ikapata ushindi wake, na mimi nikapata baridi ya kichwa.

Tulipofika kwenye muto wenye daraja la magogo, betri za kijivu zilikufa. Hiyo inakula betri za tochi, na za soko yetu zinaishi maisha ya nzige. Nilikuwa na zingine. Nazo zikafa kesho yake, baada ya kamera kuamka tu na kuangalia nyani mumoja. Nyeusi ina betri yake ya bapa, inadumu, lakini ikiisha hakuna duka la kukusaidia, unatafuta mutu mwenye sahani ya umeme wa jua juu ya paa. Sijui ni taabu gani iliyo afadhali. Nilibishana na mimi mwenyewe mpaka Sudi akauliza ninaongea na nani.

Jioni ya siku ya pili tukaingia Kabambare. Shemeji yangu Salumu, kaka ya Mauwa, akatupokea kwa maji ya kuoga na bugali na samaki ya moshi. Ndani ya nyumba ndogo ya nyuma nikasikia kikohozi. Halafu sauti: "Salumu, mwambie mukwe wangu nimefurahi amefika. Mwambie amekonda."

Nilikuwa hatua chache kutoka ukuta. Nilisikia kila neno.

"Mama anasema umekonda," Salumu akaniambia.

"Mwambie ni njia."

"Anasema ni njia."

"Njia haikondeshi mutu hivyo. Muulize, Mauwa hamupikii?"

Nikachukua samaki ingine.

Asubuhi mama mukwe alitoka kuota jua mbele ya nyumba yake. Mimi nilikuwa ngambo ya uwanja, nyuma ya ukuta wa ukindu wa jikoni, na kijivu mukononi, betri mpya nilizonunua kwa duka la barabarani. Nikasogeza jicho la kamera. Likatoka na ule mulio wake, zzzii. Kwenye kioo nikaona kitambaa cha kichwa, sikio, shavu linaanza kugeuka upande wangu.

"Shemeji! Unafanya nini?"

Salumu alikuwa nyuma yangu, na macho yake kwenye kioo.

"Niko mbali," nikasema. "Angalia mwenyewe. Uwanja mzima uko kati yetu."

"Miguu yako iko mbali! Macho yako iko kwenye pua yake!" Akageuka akaita: "Mama, ingia ndani! Mukwe wako anakuja na mashine!"

Nikasikia mukeka unakokotwa na mulango unafungwa. Nikajaribu kujitetea. Nilisema haya inapimwa kwa hatua. Salumu akasema haya haina metri, ni jambo la jicho, na kwamba jicho langu ningelinunua refu mpaka Kongolo, bado ni jicho la mukwe. Hata leo nafikiri alikuwa na haki. Ile kamera niliyoibeba njia yote ili inisaidie ndiyo ilinitia hatiani, na ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Muchana nilikaa kwenye kigogo, nimeudhika na kila kitu. Nilimuomba Salumu mwenyewe apige. Akakataa, alisema yeye hata tochi zinamuharibikia mukononi. Simu yake ni ya kubonyeza, haina jicho. Ndipo bibi yake, Mama Feza, akapita na beseni la muhogo kichwani. "Nipeni mimi. Kwani ni kupika?"

Nikamufundisha na nyeusi, juu kijivu ndani ya kile chumba kisicho na dirisha ingetoa makaa matupu. Nilimuambia asogee karibu, ashike na mikono miwili, abonyeze pole kwanza, asubiri, halafu amalize. Alijaribu kwa mupapai. Akajaribu kwangu, akanikata kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, bila kichwa uko muzuri!"

Halafu akaingia kwa mama mukwe akafunga mulango. Mimi nikabaki nje, nimegeukia barabara kama mutu aliyefukuzwa darasani. Nikasikia:

"Mama, inua kidevu."

"Nainua juu ya nini, mimi ni mbuzi?"

"Mauwa anataka kukuona."

Kikohozi. Halafu sauti ya chini: "Nipe kile kitambaa cha buluu. Kile alinishonea."

Kamera ikalia mara moja. Ikalia tena. Wakacheka wote wawili, kicheko cha wanawake wenye kukaa nyumba moja muda mrefu. Ikalia tena.

Mama Feza akatoka, kamera ameifunga ndani ya kitambaa. Nikanyosha mukono kuangalia. Salumu akanishika kiwiko.

"Unataka kuona nini?"

"Kama imetoka vizuri!"

"Ndani ya hiyo iko uso wa mama."

"Salumu, ni kazi yangu. Nimekuja kutoka Kasongo. Kama imetikisika turudilie sasa!"

Toka ndani, nyuma ya ukuta, sauti ya mama mukwe: "Mwambieni mukwe wangu asinichungulie njiani kama mwizi wa muhogo."

"Anasema..."

"Nimesikia!"

Nikamugeukia Mama Feza. "Uso unaonekana?"

"Unaonekana."

"Macho hayakufungwa?"

"Mh. Shemeji, mimi niliangalia kidole changu."

Nikamuomba Salumu aangalie yeye, ni mama yake, hakuna wa kumukataza. Akashika kamera mbali na uso, akaangalia muda mrefu.

"Ni mama," akasema.

"Najua ni mama! Iko safi ao imetikisika?"

"Ni mama kabisa."

Zaidi ya hapo sikupata kitu kwa mutu yeyote wa Kabambare. Nilitaka Mama Feza arudi kupiga zingine, lakini kikohozi kilikuwa kimeanza tena, kirefu, na mimi mwenyewe nilisema basi, amuache apumuzike.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira mbaya. Sudi atawaambia. Kwenye daraja la magogo pikipiki iliteleza, nikaanguka kwa mugongo ndani ya tope, begi juu ya kifua, na Sudi akauliza kwanza kama bido halijamwagika. Pale tulipopumuzikia nilifungua begi. Kitambaa kilikuwa kikavu. Kubonyeza kifungo kimoja tu, ningejua. Kama foto ni mbaya, ningegeuka, njia bado ilikuwa inawezekana. Kama ni nzuri, ningelala. Mauwa alikuwa ananingoja na hakuwa na nafasi ya pili, labda hata mama yake hakuwa nayo. Kidole kilikuwa juu ya kifungo. Nilisema ni kazi. Halafu nikasema kama ni kazi, kwa nini nimegeukia muti ili Sudi asinione? Nikafunga begi. Sijui kama nilifanya vizuri. Mutu mwenye akili zaidi labda angeangalia.

Kasongo tulifika muchana. Mauwa alikuwa ameketi mulangoni, miguu imevimba. Hakuuliza njia ilikuwaje. Akanyosha mukono. Nikamupa nyeusi, nikamuonyesha kifungo, nikaenda kusimama mbele yake, pahali kioo hakinifikii, nikamuangalia yeye.

Akabonyeza. Akakunja uso.

"Nini?"

"Kidole."

Akabonyeza tena. "Kidole tena." Nikaanza kumutukana Mama Feza moyoni, na kijivu, na Amisi, na mimi mwenyewe wa kwanza. Akabonyeza mara ya tatu, akaisogeza kamera karibu na uso. Kidevu chake kikatetemeka. Halafu mashavu yakapanda pole pole, na akashika mudomo kwa mukono.

"Macho iko wazi?" nikauliza.

"Iko wazi."

"Haikutikisika? Angalia kwenye nywele, kwenye kitambaa, kama..."

"Baba Idi, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza.

Kesho yake Amisi alitaka hukumu. Nilimurudishia kijivu na kumwambia kwa haki: kwa ndege, kwa ngambo ya muto, kwa kila kitu chenye huwezi ao hutakiwi kukisogelea, ya kwako inapita ya kwangu. Kwa chumba cha giza, kwa watu wengi na miguu yao, ya kwangu. Akauliza, na ile foto ya mama mukwe, iko namna gani? Nikamuambia hiyo siwezi kuipimia. Nilijifunza tu kwamba kamera inaweza kupunguza njia kati ya watu wawili, lakini haina ruhusa ya kuipunguza. Yeye akaona namukwepa.

Kila asubuhi, kabla sijaenda sokoni, Mauwa anaiomba kamera. Ananigeuzia mugongo, anaiwasha, na mimi nangoja na viatu mukononi, nimechelewa, nikisikia anaongea na mama yake.