Muhuri wa Paskazia

Paskazia alipopunguzwa kazini kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato, Mwanza, mwaka 1994, aliondoka na taipureta kuukuu na cheti chake cha uhazili. Alipanga chumba cha mbele Mabatini, akaanza kuchapa barua za watu. Nje alitundika ubao wa matangazo, kwa kuwa tangu ruksa ya biashara huria iingie kila mtu alikuwa na kitu cha kutangaza: cherehani, kiwanja, mashine ya kusaga. Kila tangazo aliligonga muhuri wenye jina la ofisi yake na tarehe, na siku ya saba akalibandua. Muhuri ulikuwa wa kumkumbusha siku, basi.

Alikuwa na fahari moja: hakufuatilia mambo ya wateja. Chuoni walifundishwa hivyo, macho kwenye nakala, vidole kwenye vitufe. Aliweza kuchapa kurasa mbili bila kosa na asijue zilihusu nini.

Ndivyo alivyochapa na kubandika ubaoni karatasi ya mwanamume mmoja, Jumatatu moja ya mwaka 1997.

Alhamisi aliingia dada aliyelowa upindo wa kanga, akaiweka karatasi ileile mezani.

"Ofisi hii ni yako?"

"Ndiyo, dada. Karibu kiti."

"Sikai. Soma."

Paskazia akaisoma kwa mara ya kwanza. Ilisema kwamba Ng'washi, mjane wa kijiji fulani cha Sengerema, ni mchawi, ameua watoto watatu, na watu wachukue hatua. Mwishoni: "Sisi wananchi." Chini yake ulikaa muhuri, umenyooka vizuri.

"Huyo ni mama yangu," alisema yule dada, Selina. "Mtu kaibandua hapo nje kaipeleka kijijini. Wanasema serikali ya Mwanza imethibitisha, muhuri huu hapa! Mama kakimbilia kwa padri. Wamempa mpaka Jumapili ahame, la sivyo ni mapanga."

"Lakini mimi sikusema neno. Nilichapa tu."

"Polisi wameniambia kumtangaza mtu mchawi ni kosa. Wakauliza, nani katangaza? Jina lililopo hapa ni lako peke yako."

Paskazia alijaribu kumkumbuka yule mwanamume, akakumbuka mwandiko tu. Kama mwenye ubao ana kosa, alijiuliza, mbona maneno si yake? Na kama hana kosa, nani mwingine angeweza kuyazuia Jumatatu ile? Kila jibu lilionekana sahihi mpaka alipoligeukia la pili.

Kesho yake wakavuka kwa feri. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shimba, alikuwa amewakusanya watu katika ghala la pamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe serikali yenyewe ni kasichana!"

Watu wakacheka. Paskazia akaeleza kwamba muhuri ule ulikuwa wa tarehe, haukuthibitisha lolote.

"Kwa hiyo hauna maana?"

"Hauna, mzee."

"Sasa uliugonga wa nini, binti? Sisi hapa bila muhuri hata ng'ombe hatuuzi."

"Kahongwa huyo!" mtu akapaza sauti nyuma.

Selina akamsogelea. "Waandikie jingine. Useme mama hana kosa. Ligonge."

"Mimi simjui mama yako, Selina."

"Na yule mwanamume ulimjua?"

Paskazia alichukua karatasi na kalamu. Aliandika kwa mkono, polepole, akilisoma kila neno: tangazo lile ni la uongo, Ng'washi si mchawi. Akatoa muhuri mkobani, akaugonga. Mzee Shimba akaisoma karatasi kwa sauti, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaukagua wino.

"Haya. Huyu mama arudi kwake. Asiguswe."

Watu wakatawanyika wameridhika. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Selina alikwisha kukimbilia kwa padri kumchukua mama yake.

"Mzee," Paskazia akasema, "naomba nirudishie, niongeze mstari mmoja. Nieleze kwamba muhuri…"

Mzee Shimba alikuwa ameikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati.

"Mstari gani tena? Imeshagongwa, binti. Haiguswi."