Mbuzi wa Mahafali Yangu

Kwetu Gachoka, mbuzi akishatajiwa shughuli haliwi kwa jambo lingine. Nilipoingia mwaka wa mwisho chuoni, Baba alimtaja beberu wetu mweusi mbele ya majirani: huyu ni wa mahafali ya binti yangu. Tangu siku hiyo hata wageni wa Krismasi walichinjiwa kuku.

Kisha matokeo yakatoka, na somo moja halikuwa na maksi. Mtihani niliufanya. Nilitia sahihi, nikaketi kiti cha mbele kabisa. Bila maksi zile, jina langu lisingeingia kwenye orodha ya mahafali.

Nilimwandikia mhadhiri wa somo hilo barua pepe ya heshima, yenye namba yangu ya usajili. Kimya. Ya pili nikaomba radhi kwa kumsumbua; mimi ndiye niliyekosewa, na mimi ndiye ninayeomba radhi! Ya tatu, ya nne, kimya. Na si kwamba hakuwa na simu. Kila asubuhi alitutumia mstari wa Biblia kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nilipothubutu kumuuliza pale, alisema mambo ya maksi yapelekwe kwa barua pepe.

Nikapanda hadi chuoni Meru, nikasimama mlangoni pake asubuhi nzima. Karani wa idara hakuinua hata macho.

"Daktari ako bize. Si umtumie imeli?"

"Nimemtumia nne."

"Basi tuma ingine."

Nikatuma. Zilipofika saba, nilikuwa namchukia mtu yule kwa dhati. Na kila jioni Baba alikuwa na swali lake.

"Mwalimu amejibu?"

"Bado."

"Umemwandikia mara saba, na kwake nyumbani hujaenda hata mara moja?"

"Baba, siku hizi mambo ni ya imeli."

Akainuka, akaenda kumtazama beberu zizini.

Wiki moja kabla ya orodha kufungwa, niliamka nikakuta kamba tupu zizini. Baba hayupo, beberu hayupo. Alirudi alasiri peke yake, vumbi hadi magotini, uso umemng'aa. Alikuwa ametoka Githongo, nyumbani kwa mhadhiri. Alikuwa ameuliza njia hadi akafika.

"Ni mtu mzuri sana," akasema. "Bibi yake amenipikia chai. Mtu mkubwa haendewi mikono mitupu, mwanangu."

Hapo hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa barua pepe, ya kwanza kabisa kutoka kwake: "Maksi zimeingizwa. Msalimie mzee."

Sitini na nane. Kumbe karatasi yangu ilikuwa imesahihishwa kitambo, ikisubiri mbuzi. Nililia kwa hasira, na Baba akanipigapiga mgongoni akidhani ni furaha. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Siku ya mahafali tulikula wali na ndengu. Jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akauliza beberu yuko wapi. Baba akamjibu kwamba beberu alihitimu kabla yangu.

Watu wote wakacheka. Mimi nikainama nikaendelea kuchambua ndengu kwenye sahani, nimevaa joho.